UZI: Marcelle Grenson, hamira zenye kasoro, na jinsi tulivyojua amonia inavyoingia katika mizizi ya mimea

#1 Mchunguza Mizizi

Ndugu wanajukwaa,

Mzunguko wa naitrojeni katika vitabu vyetu vya sekondari huchorwa kwa mishale, na mmoja wa mishale hiyo hutoka udongoni na kuishia kwenye mzizi. Pale unapogusa mzizi, maelezo hukoma, kana kwamba naitrojeni huingia yenyewe tu. Nimefungua uzi huu ili tuijadili hatua hiyo inayorukwa: ioni ya amonimu (amonia iliyobeba protoni moja ya ziada, hivyo ina chaji) hupitaje katika utando wa seli, ambao kwa kawaida hauruhusu chembe zenye chaji kupenya, na wanasayansi walijuaje. Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana kwa kuchunguza hamira, ile ile inayoumulia maandazi, na mizizi ya kazi hiyo imo katika maabara ya mwanamke Mbelgiji ambaye kwa maoni yangu hatajwi inavyostahili: Marcelle Grenson (1925–1996) wa Université Libre de Bruxelles.

Kwanza tuweke msingi. Hakuna kiumbe kinachoweza kujenga protini wala DNA bila naitrojeni. Mimea mingi hupokea naitrojeni kwa sura mbili kuu, naitreti na amonimu, ilhali hamira ya mikate, Saccharomyces cerevisiae, haiwezi kabisa kutumia naitreti. Yenyewe huishi kwa amonimu, asidi amino, urea na vitu vya namna hiyo. Amonimu ikishaingia ndani ya seli, viumbe hawa wawili hufanana kwa mengi. Katika wote, kimeng'enya kiitwacho glutamini sintetesi huiunganisha amonimu na glutamati ili kupata glutamini. Tofauti ni kwamba hamira huitegemea zaidi glutamati dihidrojenesi, wakati Peter Lea na Ben Miflin walionyesha mwaka 1974 kuwa mimea inayo njia nyingine, ambamo glutamini sintetesi hushirikiana na glutamati sinthesi. Kwa hiyo kemia ya ndani ya seli ilikuwa inaanza kueleweka vizuri katika miaka ya 1970, lakini suala la namna naitrojeni inavyoingia lilikuwa bado gizani.

Mwaka 1957, Georges Cohen na Jacques Monod wa Institut Pasteur walieleza kuwa bakteria wana protini maalumu katika utando wao zinazopitisha virutubisho, wakaziita permeasi. Grenson alilichukua wazo hilo na kulijaribu katika hamira, na mbinu yake ilikuwa ya ujanja sana. Ipo asidi amino iitwayo kanavanini, inayopatikana katika mbegu za baadhi ya mimea ya jamii ya mikunde. Inafanana mno na arginini, kiasi kwamba seli huipokea na kuiingiza katika protini zake, na protini hizo huharibika. Ukiwapandikiza hamira kwa mamilioni mahali palipo na kanavanini, karibu zote zitakufa. Zile chache zitakazosalimika zina kasoro fulani ya kurithi, na mara nyingi kasoro yenyewe ni kwamba mlango wa kuingizia arginini haufanyi kazi, hivyo sumu imeshindwa kuingia. Mwaka 1966 Grenson na wenzake walichapisha ushahidi wa permeasi mahsusi ya arginini kwa njia hiyo, na makala hiyo ikawa ya kwanza katika mfululizo ulioonyesha kuwa hamira haina mlango mmoja wa asidi amino zote bali inayo mingi, kila mmoja na wateja wake.

Mwaka 1970 ukafuata ushahidi wa permeasi ya jumla, Gap1, inayopitisha asidi amino za kila aina. Hii nadhani ndiyo kazi yake yenye utajiri mkubwa zaidi, kwa sababu Gap1 hutii hali ya chakula. Hamira inapopewa naitrojeni duni, kwa mfano prolini pekee, Gap1 huwa na nguvu. Ukiongeza amonimu, nguvu hiyo huzimika upesi, na tena huzimika kwa njia mbili tofauti: jeni yake huacha kusomwa, na protini ambayo tayari ipo kwenye utando huondolewa. Grenson alipata hamira zenye kasoro ambazo zilishindwa kuiondoa protini hiyo, na jeni iliyohusika ikaitwa NPI1. Mwaka 1995 Bruno André, aliyetoka katika maabara hiyo hiyo, pamoja na wenzake wa Brussels na Paris, walithibitisha kuwa NPI1 ni kimeng'enya Rsp5, kinachobandika yubikwitini, protini ndogo ya alama, kwenye protini nyingine ili ziondolewe. (Watengenezaji wa mvinyo wanalifahamu jambo la karibu na hili bila kulitaja kwa jina: hamira hula naitrojeni nzuri kwanza, na prolini ya zabibu hubaki kwa wingi katika mvinyo, kwa sababu milango yake hufungwa wakati kuna chakula bora, na kuivunja prolini kwenyewe kunahitaji oksijeni.)

Sasa tufike kwenye amonimu. Ugumu wake ni wa kipimo. Isotopu ya naitrojeni yenye mnururisho inayoweza kutumika, naitrojeni-13, hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 10 hivi, kwa hiyo haifai katika maabara nyingi. Dubois na Grenson walitumia methilamini iliyotiwa kaboni-14, kwa kuwa hupita mahali pale pale inapopita amonimu. Katika makala yao ya mwaka 1979 walionyesha kuwa hamira ina angalau mifumo miwili ya kuingiza amonimu, mmoja wenye uwezo mkubwa lakini usioshika vizuri amonimu iliyo haba, na mwingine wenye uwezo mdogo lakini unaoishika hata ikiwa haba sana. Hamira yenye kasoro katika mifumo yote miwili ilishindwa kukua penye amonimu kidogo.

Hamira hiyo iliyoharibiwa kwa makusudi ikahifadhiwa, na miaka 15 baadaye ikawa ufunguo wa mimea. Mwaka 1994 jarida la EMBO lilichapisha makala mbili zilizofuatana. Katika ya kwanza, Anna Maria Marini, Bruno André na wenzao waliipata jeni ya hamira MEP1, inayounda mmoja wa milango yake ya amonimu (protini yenyewe huandikwa Mep1). Katika ya pili, Olaf Ninnemann na Wolf Frommer wa Berlin, pamoja na Jean-Claude Jauniaux aliyewahi kufanya kazi na Grenson, walichukua nakala za jeni za mmea mdogo Arabidopsis thaliana, wakaziingiza ndani ya hamira ile yenye kasoro, kisha wakazipanda zote mahali penye amonimu kidogo. Seli zilizoota zilikuwa zimebeba jeni ya mmea iliyoziba pengo, na jeni hiyo ikaitwa AMT1. Protini ya mmea na ile ya hamira zilikuwa za ukoo mmoja.

Karibuni kwa maswali na hoja.

#2 Mwalimu wa Kidato

Mkuu, shukrani kwa uzi wenye kina. Nina hoja moja. Grenson mwenyewe hakufanya kazi ya mimea, hivyo je, si kumpa sifa isiyo yake kusema kuwa jibu la mizizi lilianzia kwake? Aidha, kwa nini hawa wa Berlin hawakuchunguza mmea moja kwa moja, kwa kuuharibu na kuona jeni ipi ikikosekana mzizi unashindwa kupokea amonimu? Nijuavyo mimi, ndivyo ilivyokuwa kwa naitreti.

#3 Mchunguza Mizizi

Mwalimu, uko sahihi kuhusu naitreti. Jeni ya CHL1, ambayo siku hizi huitwa NRT1.1, ilitambuliwa mwaka 1993 na Yi-Fang Tsay, Nigel Crawford na wenzao kutokana na mimea ya Arabidopsis iliyostahimili kloreti, na kloreti hutumika kwa mantiki ile ile ya kanavanini: ni sumu inayoingia kwa kujifanya naitreti.

Kwa amonimu njia hiyo ingekwama, na sababu yake imeonekana baadaye. Arabidopsis ina jeni sita za ukoo wa AMT. Mwaka 2007 kundi la Nicolaus von Wirén lilipima mchango wa kila moja mizizini na kukuta kuwa AMT1;1 na AMT1;3 huchangia takriban asilimia 30 kila moja katika upokeaji wa amonimu iliyo haba, na AMT1;2 huchangia kati ya asilimia 18 na 26. Ukiharibu jeni moja tu, nyingine zinaendelea na kazi, na mmea hauonyeshi dalili kubwa. Ilibidi waharibu jeni nne kwa pamoja ndipo upokeaji huo ushuke hadi kati ya asilimia 5 na 10. Mwaka 1994 hakuna aliyejua jeni hizo ni zipi, sembuse kuziharibu nne kwa mpigo. Katika hamira, seli inasimama peke yake, huzaliana kwa muda wa saa chache, na matokeo ni mawili tu: imeota au haikuota.

Kuhusu sifa, sidai kwamba Grenson aliigundua AMT1. Ninachosema ni kwamba jaribio la Berlin lisingewezekana bila hamira yenye kasoro mbili, na hamira ya namna hiyo haipatikani kwa bahati wala kwa haraka. Hutokana na mtu aliyekaa miaka mingi akitenganisha kasoro moja na nyingine na kuzipima kila moja. Kazi za aina hii hutajwa kwa mstari mmoja katika sehemu ya mbinu, halafu zikasahaulika.

#4 Fundi wa Maabara

Naomba kuongeza jambo ambalo mleta uzi hajaligusa, kwa sababu bila hilo msomaji anaweza kudhani kwamba hamira ni shahidi asiyekosea.

Mwaka 1998 watafiti wa Australia, akiwemo Brent Kaiser, walichapisha katika jarida la Science kuhusu protini ya soya waliyoiita SAT1. Katika vinundu vya mizizi ya soya, bakteria hugeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia, na amonia hiyo lazima ivuke utando unaowazunguka bakteria ili imfikie mmea. Kupata protini inayoivusha lilikuwa jambo kubwa, maana ndipo biashara yote kati ya mkunde na bakteria inapofanyika. Ushahidi mkuu ulikuwa nini? Hamira ile ile ya Brussels. Walipoiingizia SAT1, iliweza kuota penye amonimu kidogo, nao wakahitimisha kuwa SAT1 husafirisha amonimu.

Mashaka yalikuwapo tangu mwanzo kwa sababu SAT1 haikufanana hata kidogo na ukoo wa AMT na MEP, na muundo wake ulikuwa na sehemu inayofanana na zile za protini zinazoshika DNA. Mwaka 2000 Marini na wenzake walionyesha kilichotokea. Kumbe hamira ina mlango wa tatu wa amonimu, Mep3, ambao ulikuwa mzima ndani ya hamira ile wakati wote. Haukufanya kazi kwa sababu protini ya Mep1 iliyoharibika, badala ya kukaa kimya, ilikuwa inaukandamiza. SAT1 ilivuruga ukandamizaji huo, Mep3 ikaanza kazi, na hamira ikaota. Walipotumia hamira isiyo na milango yote mitatu, SAT1 haikuweza kuisaidia.

Kwa hiyo ningependa kumuuliza mleta uzi: kama jaribio hili liliweza kuwapotosha watafiti mahiri kiasi hicho, tuna hakika gani kwamba AMT1 yenyewe si kisa kama hicho?

#5 Mchunguza Mizizi

Hoja nzito, na imekuja kwa mpangilio mzuri. Nitaijibu kwa sehemu mbili.

Kuhusu AMT1, wasiwasi huo ulishaondolewa. Mwaka 1997 Marini na wenzake walikwisha kuzielezea MEP1, MEP2 na MEP3 kwa pamoja na kutengeneza hamira ambayo jeni zote tatu zimefutwa kabisa, hazikuachwa na kasoro tu. Hamira hiyo haikui ikiwa amonimu ndiyo naitrojeni yake pekee nayo ni chini ya milimola 5 kwa lita. Walipima pia jinsi kila mlango unavyoishika amonimu: Mep2 kwa mikromola 1 hadi 2, Mep1 kwa 5 hadi 10, na Mep3 kwa milimola 1.4 hadi 2.1, yaani dhaifu karibu mara elfu moja kuliko Mep2. Protini za AMT za mimea zimejaribiwa katika hamira hiyo isiyo na mlango wowote nazo zimefanya kazi. Zimepimwa pia katika mayai ya chura Xenopus, ambamo hakuna Mep3 ya kusingiziwa, na hatimaye katika mimea yenyewe kama nilivyoeleza hapo juu.

Sehemu ya pili inanivutia zaidi. Kasoro iliyokuwamo katika Mep1 ya hamira ya Brussels ilikuwa ni badiliko la asidi amino moja tu, katika mkia wa protini unaoning'inia upande wa ndani wa seli. Badiliko hilo dogo liliizima Mep1 yenyewe na pia likaizima Mep3, ambayo ni protini nyingine kabisa. Hilo liliwezekanaje? Mwaka 2004 makundi mawili yalichapisha umbo la AmtB, ndugu yao wa bakteria Escherichia coli, na ikaonekana kuwa protini hizi hukaa tatu tatu zikiwa zimeshikana. Mwaka 2007 Dominique Loqué, Frommer na wenzao walionyesha katika jarida la Nature kwamba mkia wa AMT1;1 ya Arabidopsis hugusa protini jirani katika kundi hilo la tatu na kuiruhusu ifanye kazi; mkia mmoja ukiharibika, zote tatu huzimika. Kwa mmea hiyo ni njia ya kufunga haraka wakati amonimu imezidi, kwa kuwa amonimu nyingi huudhuru. Kwa hiyo kasoro iliyowapotosha watu wa soya ilikuwa tayari imebeba habari ya namna milango hii inavyodhibitiwa.

Ama SAT1, hatima yake ilijulikana mwaka 2014, wakati kundi la Kaiser lenyewe lilipochapisha kuwa ni protini inayodhibiti usomaji wa jeni, iliyojikita kwenye utando, na ina umuhimu kwa ukuaji wa vinundu vya soya. Jina lake likabadilishwa. Nawaheshimu kwa kuifuatilia protini yao mpaka mwisho, hata baada ya dai lao la kwanza kuanguka.

#6 Mkulima wa Majaruba

Ndugu zangu, mimi ni mkulima wa mpunga, si msomi wa maabara, lakini nimefuatilia uzi huu neno kwa neno. Tunashauriwa kukuzia mpunga kwa urea na si kwa CAN (mbolea ya kalsiamu amonia naitreti), wakati majirani zetu wa mahindi hutumia zote mbili. Je, jambo hili lina uhusiano na milango hiyo ya amonimu?

#7 Fundi wa Maabara

Uhusiano upo, mzee wangu, ingawa sababu kuu iko kwenye maji ya jaruba kabla ya kufika kwenye mzizi.

Urea inapoingia udongoni huvunjwa na kimeng'enya cha vijidudu kiitwacho urease na kuwa amonimu. Katika shamba la mahindi lenye hewa, bakteria wengine huigeuza amonimu kuwa naitreti kwa muda mfupi, hivyo mahindi hupokea zaidi naitreti hata kama uliweka urea. Katika jaruba lililofurika, oksijeni ni kidogo sana, kwa hiyo mageuzi hayo hupungua na amonimu ndiyo inayobaki. Mpunga umezoea hali hiyo, na tayari zimehesabiwa angalau jeni 10 za ukoo wa AMT ndani yake, kuliko sita za Arabidopsis. CAN nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, nayo ikishuka katika udongo usio na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni na kupotelea hewani, mbali na ile inayochukuliwa na maji.

Urea nayo ina hatari yake. Ikiachwa juu ya maji au juu ya udongo mbichi, amonia hupaa. Ndiyo maana hushauriwa ifukiwe katika tope. Mzizi wenye milango mizuri haukusaidii ikiwa mbolea imeshaondoka na upepo.

#8 Msomi wa Damu

Samahani kwa kuingilia. Katika somo la damu tumefundishwa kundi la Rhesus, na nimewahi kusoma sentensi moja iliyosema protini hizo ni za ukoo wa milango ya amonimu ya hamira. Je, ni kweli au ni uvumi?

#9 Mchunguza Mizizi

Ni kweli. Mwaka 1997 Marini na wenzake walitambua kufanana huko kwa kulinganisha mpangilio wa asidi amino, na mwaka 2000 wakaonyesha katika Nature Genetics kwamba protini ya binadamu RhAG, iliyo katika chembe nyekundu za damu, pamoja na nduguye aliye katika figo, huiwezesha hamira isiyo na milango mitatu kuota penye amonimu haba. Kundi la Rhesus lilikuwa likijulikana kwa madaktari tangu 1940, na kwa miaka 60 hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kazi ya protini hizo mwilini. Ya figo inaeleweka kirahisi zaidi, kwa sababu figo huondoa amonia mwilini kupitia mkojo.

#10 Mwalimu wa Kidato

Nimeridhika na jibu la sifa, Mkuu. Limebaki swali moja ambalo wanafunzi wangu watauliza bila shaka. Amonia, NH3, haina chaji. Amonimu, NH4+, ina chaji. Kinachopita mlangoni ni kipi kati ya hivyo viwili?

#11 Mchunguza Mizizi

Mwalimu, hilo ndilo swali lililowagawa watafiti kwa muda mrefu kuliko mengine yote katika uwanja huu.

Mwaka 2002 Uwe Ludewig, von Wirén na Frommer walipima AMT ya nyanya katika mayai ya chura na kukuta mkondo wa umeme, dalili kwamba chaji ilikuwa inapita pamoja na amonimu. Miaka miwili baadaye umbo la AmtB lilionyesha njia nyembamba yenye kuta zisizopenda maji, mahali ambapo ioni yenye chaji isingeweza kupita kwa urahisi, na wengi wakahitimisha kuwa kinachopita ni gesi ya NH3. Vipimo viwili vizuri vilikuwa vinapingana, na kila upande ulikuwa na haki ya kushikilia msimamo wake.

Mwaka 2020, katika jarida la eLife, kundi lililowaunganisha watafiti wa Scotland na maabara ya Marini ya Brussels lilitoa maelezo yanayopatanisha pande hizo kwa upande wa AmtB: ioni ya NH4+ hufika kwenye mdomo wa protini, huko huachia protoni yake, kisha NH3 hupita katika njia yake isiyopenda maji na protoni hupita katika njia nyingine, kwa kurukaruka kupitia molekuli za maji zilizojipanga ndani ya protini. Upande wa ndani vinakutana tena na kuwa NH4+. Hivyo kipimo cha umeme huona chaji ikivuka, na umbo la protini huonyesha njia ambayo chaji haiwezi kuipita, na vyote viwili ni sahihi. Ukiwafundisha wanafunzi wako, ningeshauri uanze na mchoro wa AmtB wenye njia hizo mbili, kisha uwaache wenyewe waeleze kwa nini potasiamu, ambayo ioni yake ina ukubwa unaokaribiana na wa amonimu lakini haina protoni ya kuachia, haipiti hapo.